Mama, Akika Isubiri

Junda, Kisauni,
Mombasa.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo tena. Ya kwanza ni ya heshima, ya pili ni ya makosa yangu utakayoyasoma humu. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umeshampa jirani? Nakujua mimi. Na huyo wifi yangu Mwajuma amepunguza chumvi kwenye mchuzi kama daktari alivyosema? Sisi huku hatujambo. Joto la safari hii ni la kutoa roho, Hamza anatengeneza mafriji ya watu kutwa nzima halafu akirudi nyumbani anakunywa maji ya mtungi, na Bakari anakula mpaka tunatazamana.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu mimi na wewe hatumalizi jambo, Mama. Nikianza unanikatiza, ukianza nakukatiza, na Mwajuma huko nyuma ameshaweka spika anasikiliza. Kwa hiyo barua hii nitampa kondakta wa basi la Tanga akupe mkononi. Isome kwanza peke yako, mlango umeufunga. Ukimaliza utaamua mwenyewe nani aisikie.

Ni habari ya Bakari. Usishike kifua, mtoto mzima, hapa nilipo namsikia anapigana na vifuniko vya soda. Lakini nusura tumpoteze, Mama, na si kwa homa wala kwa gari. Nusura tumpoteze kwa mdomo wangu mimi mwanao.

Unakumbuka nilivyokueleza mwanzoni. Baba yake, Rashidi, alifariki mtoto hajatambaa, mama yake akafuata, na bibi yake wa Likoni ndiye aliyemlea kwa kuuza viazi vya karai mlangoni. Bibi naye alipoondoka hakutokea ndugu hata mmoja, akachukuliwa na kituo cha watoto. Sisi tukapewa tukae naye kwanza. Afisa wa watoto awe anakuja kututazama, aandike ripoti yake, na mwisho mahakama iseme kama tunaweza kurudi naye Tanga mkataba wa Hamza ukiisha. Bila ya amri ya mahakama hatuvuki naye mpaka hata hatua moja. Hayo ulikuwa unayajua. Usilolijua ni nililolifanya tulipohama Changamwe tukaja kupanga hapa Junda.

Siku ile tunashusha vyombo, Bakari tulimkalisha juu ya godoro katikati ya ua asije akapotea. Mwenye nyumba wetu, Bi Rukia, akatoka kututazama. Ni mama wa makamo, mtu wa Mvita wa asili, akisema neno moja ua mzima umesikia. Hamza akapita na kitanda kichwani, Bi Rukia akamtazama yeye, akamtazama mtoto, akapiga makofi. "Mashallah, mashallah! Mtoto huyu yuwafanana na babake tupu! Wewe mamake hukuambulia hata pua!" Wanawake wote waliokuwepo wakacheka.

Mama, hapo ndipo. Ningesema neno moja tu, "Tunamlea," habari ingekwisha. Nikasema, "Ndivyo wanavyosema wote." Hamza alikuwa ameshaingia ndani, hakusikia.

Nikwambie kweli? Nilisikia utamu. Tangu nimeolewa mimi ni yule anayeulizwa, "Na wewe unao wangapi?" halafu watu wanatazama chini. Kwenye arobaini ya mtoto wa Mwajuma ulikuwepo, ulimwona yule mama alivyomvutia mtoto khanga usoni niliposogea, asije akapata jicho la mgumba. Nilikwenda jikoni nikajifanya nakoroga pilau. Sasa leo mtu ananitazama tu ananiona mama, bila ya kuuliza, bila ya kunionea huruma. Nikashindwa kumrudishia.

Lakini njia ya mwongo si ndefu, ulitwambia hivyo tangu tukiwa wadogo. Hata hatujamaliza kufungua mabunda, tumekaa tunachambua mchele, Bi Rukia akaniuliza uzazi wangu ulikuwaje. Wanawake tukikaa na sinia la mchele tunazungumza nini kingine? Mama, nilimsimulia uchungu! Mimi! Niliuchukua uchungu wa Mwajuma wote kama ulivyo, nikauongezea na wa yule jirani yetu aliyezalia njiani, nikajizalisha kwa siku mbili. Nikaweka na mkunga mkali. Bi Rukia akalia. Akajifuta kwa ncha ya leso, akanambia jambo lake, la mtoto wake wa kwanza ambaye alizaliwa hakulia, na jinsi walivyomchukua hata hajamshika. Nadhani hata wajukuu zake hawalijui. Alinipa kwa sababu aliniona mwenzake, nami nikalipokea, nikamshika mkono nikatikisa kichwa. Nikikumbuka mkono ule nataka ardhi ipasuke.

Ikafuata chuo. Huku madrasa wanaiita chuo. Bi Rukia mwenyewe alitupeleka kwa Ustadhi, mtoto aanze alifu. Ustadhi akauliza, "Bakari bin nani?" Nikasema, "Bin Hamza." Akaandika. Baba, Mungu amrehemu, alitufundisha waziwazi: mtoto wa mtu huitwa kwa baba yake, kumlea ni thawabu na kumnyang'anya nasaba ni dhambi. Sikusahau. Nilikuwa nalijua hilo huku naufungua mdomo.

Hapo ndipo hofu ilipoanza. Bakari ana maneno, Mama, utamwona. Yule ukimwacha dakika moja na mtu ameshamweleza viazi vya bibi yake, pilipili ya bibi yake, na paka wa bibi yake. Nikajua ipo siku atanivua nguo mbele za watu. Basi nikawa nikimwogesha ninamfundisha. "Unaitwa nani?" Bakari Hamza. "Ulizaliwa wapi?" Tanga. "Mama yako nani?" Mwanahawa. Akipata, ninampa kashata. Ana akili nyepesi, hakuchukua muda. Mara moja tu aliniuliza, "Na bibi?" Nikamwambia, "Bibi yako yuko Tanga." Akasema, "Na yule wa Likoni?" Nikammwagia maji kichwani nikamwambia, "Yule humjui. Ukiulizwa, humjui."

Andika laana yangu hapo, Mama, kama utaandika.

Sikumwambia Hamza. Nilijiambia ni maneno ya uani tu, ya wanawake, hayana madhara. Na afisa wa watoto, nikajiambia, huyo anaujua ukweli wote, hahitaji kuuliza. Kwamba maafisa hawa huwauliza na majirani, hilo lilinipita kabisa.

Akaja asubuhi moja bila ya taarifa, ndiyo kawaida yao. Mama mpole, Mtaita, kila akija Changamwe alikuwa anatusifu. Mimi niko nyuma nafua. Bi Rukia yuko barazani. Afisa akamsalimu, akamwuliza kama anamjua mtoto anayekaa hapa na hao watu wa Tanga. Bi Rukia akaona huyu labda katumwa kunichokonoa, akanisimamia kweli kweli: "Mtoto wake huyo, wa tumbo lake! Siku mbili yu katika uchungu, masikini, kaniambia kwa kinywa chake mwenyewe!" Mimi nikasikia kule nyuma, nikaacha nguo kwenye povu.

Nilipofika mbele, afisa alikuwa ameshachuchumaa kwa Bakari. "Hebu niambie, unaitwa nani?" Mtoto akasimama wima, mikono nyuma kama wanavyosimama chuoni. "Naitwa Bakari Hamza. Nimezaliwa Tanga. Mama yangu Mwanahawa." Afisa akamwuliza taratibu, "Na bibi yako wa Likoni?"

"Simjui. Sina bibi wa Likoni."

Kisha akanigeukia, meno yote nje, akauliza kwa sauti, "Nimepata?"

Alikuwa anangoja kashata yake, Mama.

Afisa akainuka, akanitazama kama hanijui. Akanambia, "Mama Mwanahawa, unajua ni watoto gani hufundishwa hivi? Ni wale tunaowakuta mpakani na watu wasiokuwa wao." Akanambia nikamwandalie nguo zake, anaondoka naye. Bakari alivyosikia nguo akafikiri tunakwenda matembezini, akakimbilia viatu.

Bi Rukia akauliza, "Kwani huyu si wako?"

"Si wa kuzaa, Bi Rukia."

"Na ule uchungu?"

"Wa watu."

Akanitazama, akanitazama. "Nalikulilia mimi," akasema. "Kwa mato yangu haya nalikulilia. Na jambo langu nalikwambia." Hakupiga ukelele, na wewe umeshajua sauti yake ilivyo. Angenizaba kofi ningempa na shavu la pili. Nikadhani sasa atanimaliza, na angekuwa na haki. Lakini akamgeukia afisa. "Mwongo ni mwongo, bibie, sina la kumtetea, wala mimi na yeye hatujamalizana. Lakini mtoto huyu yuwala, yuwaogeshwa, na akianguka yeye ndiye amkimbiliaye. Hilo sikuambiwa na mtu, nimeliona mwenyewe. Ukimtoa leo utamwadhibu nani?" Akaingia ndani akafunga mlango.

Nimeokolewa na mtu niliyemdanganya, Mama. Tangu siku ile nikipita mbele ya mlango wake natembea kama nimeiba kuku.

Mwisho afisa akamwacha mtoto, akatuita ofisini mimi na Hamza. Huko ndiko Hamza alikosikia yote, mbele ya watu wageni. Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Aliuliza moja tu: "Ulimwita kwa jina langu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nikifa leo nikakutana na Rashidi, nimwambie nini? Kwamba nilimlelea mwanawe, au nilimwibia?" Siku nyingi baada ya hapo tulisemeshana chakula na maji tu. Chuoni alikwenda mwenyewe kulirekebisha jina. Nilimfuata, kwa sababu kosa si lake. Ustadhi akafuta, akaandika Bakari bin Rashidi, akanambia, "Shukuru, umesema ungali hai." Sikujua kama ananifariji au ananipiga.

Afisa ametupa masharti. Ripoti ameizuia kwanza. Niwaambie majirani ukweli kwa mdomo wangu mwenyewe, na hilo nimelifanya, chumba kwa chumba, nimesimama mlangoni kama mwomba chumvi. Wengine walinihurumia, wengine wakangoja nigeuke wacheke, na hawakungoja sana. Sharti la pili, nimpeleke mtoto Likoni, kwa watu waliomjua bibi yake, asikatwe mizizi.

Tukavuka feri Jumamosi, mimi na yeye. Njia ya kwao aliijua mwenyewe, akawa ananivuta. Pale kwenye kichochoro palikuwa na mama anakaanga viazi, shoga wa marehemu bibi. Alipomwona aliacha karai juu ya moto. "Uwi! Bakari wa Bi Mwanasiti! Bakari wangu!" Akapanua mikono. Na mtoto, Mama, mtoto aliyenivuta njia nzima, akarudi nyuma akajibanza kwenye baibui langu. Akanivuta niiname. Akanong'ona sikioni: "Huyu nimjue?"

Anaomba ruhusa. Mtoto wa miaka mitano ananiomba mimi ruhusa ya kumjua mtu aliyemlisha.

Nilikaa pale pale mchangani, sikujali baibui wala watu. Nikamwambia mjue, wajue wote, na bibi yako alikuwepo na alikupenda, mimi ndiye niliyekufundisha vibaya. Akanitazama sana, kama anayepima kama huu nao ni mtihani. Kisha akaenda, pole pole, huku ananigeukia kuona uso wangu unasemaje. Yule mama akamkumbatia, akalia, akamjaza viazi. Mimi nilipewa kigoda na maji ya kunywa na hakuna aliyenisema neno baya, ndiyo maana ilikuwa vigumu kuyameza.

Sasa nakuja kwako, Mama, na hapa nimefuta na kuandika mpaka karatasi imetoboka, utaona.

Mwajuma ameniambia umeshautangazia mtaa mzima wa Ngamiani kwamba nilijifungua huku kimya kimya, kwa kuogopa mahasidi. Na kwamba mbuzi wa kumchinjia mtoto akika amefungwa uani anakula majani, anangoja mjukuu. Sikulaumu, wallahi sikulaumu. Nilipokwambia mara ya kwanza tunamlea mtoto, ulisema, "Watu wakiuliza niachie mimi." Nikanyamaza, na moyoni nikafurahi. Tulilipika pamoja jambo hili, mimi huku na wewe huko, kila mmoja na chungu chake. Najua maneno uliyokula kwa ajili yangu kwenye kila harusi na kila hitima. Najua ulivyotaka na wewe siku moja uingie mahali kichwa juu.

Lakini watu wa ustawi wa jamii watakuja hapo nyumbani. Mahakama ya huku haitatoa amri mpaka ijue mtoto anakwenda kwa watu gani. Watakaa barazani kwako, watakunywa chai yako na kukusifia vitumbua, kisha watakwenda kwa majirani kuuliza, kama alivyoulizwa Bi Rukia. Wakiambiwa huyo ni mjukuu wa kuzaliwa, Bakari anarudi kituoni, na mara hii hakuna atakayetoka barazani kunitetea.

Kwa hiyo nakuomba, Mama, nimepiga magoti huku ingawa hunioni. Nenda kabla hawajafika. Anzia kwa yule wa nyumba ya kona, maana ukimwambia yeye umewaambia nusu ya mtaa. Waambie mwanao hakuzaa. Waambie analea yatima, mtoto wa marehemu Rashidi wa Likoni, na jina lake ni hilo. Watacheka. Wacheke tu, mpaka atokee mwingine wa kuchekwa. Mimi wamenicheka Junda na bado nachota maji kwenye bomba lile lile.

Na mbuzi asichinjwe kwa jina la Hamza. Hamza mwenyewe amesema, na hilo ni neno la kwanza refu alilonambia tangu siku ile: tukijaaliwa kufika tutachinja, watu wale washibe, na mtoto atajwe kwa baba yake. Mpaka hapo akika isubiri. Huyo mbuzi mpeni majani.

Kama huwezi, Mama, sitakulazimisha. Wewe ni mzazi wangu na radhi zako ndizo ninazotegemea. Lakini unijibu, nijue. Tutabaki huku huku, Hamza atatafuta mkataba mwingine, na nitakuwa ninakuja kukuona peke yangu. Simleti kwenye nyumba itakayomwonea haya. Nimeshamwonea mimi, na nimeona inavyomfanya mtoto.

Nisalimie kaka yangu, na mkewe Mwajuma. Mwambie uchungu wake umefika mpaka Mombasa bila ya ruhusa yake, anisamehe. Msalimie shangazi fundi cherehani, mwambie gauni la Idi lilinikaa vizuri ila kifua kimebana. Msalimie na Mzee mwadhini wa msikiti wetu, aniombee dua, asiulize ya nini. Bi Rukia hajui kama nakuandikia, lakini jana alinisukumia bakuli la kunde dirishani, bila ya neno. Nimelila lote.

Bakari amekuja, amesimama begani kwangu, ananipumulia kalamu. Anataka nikuandikie salamu zake. Anasema shikamoo. Kisha ameniuliza wewe ni nani wake. Nimemwambia hilo sitamjibia mimi, amwulize mwenyewe huyo mama wa Tanga.

Mwanao mwenye haya,
Mwanahawa